Gari Linalopiga Magoti

Kila Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulijua kwamba Pindo ameamka. Kwanza lango lilisukumwa. Kisha injini ya gari kuukuu ilikohoa, ikanguruma, ikatulia. Hapo watoto walitoka mbio majumbani mwao, wengine wakiwa na mswaki mdomoni.

"Linaamka! Linaamka!"

Gari hilo halikuwa kama magari mengine. Magari mengine hukaa juu ya springi za chuma. Gari la Pindo lilikaa juu ya mafuta. Lilikuwa na pampu ndani yake. Injini ikiwaka, pampu ilisukuma mafuta kwa nguvu hadi kwenye kila gurudumu, na mafuta hayo yakalibeba gari. Likizimwa na kulala usiku kucha, lilishuka polepole mpaka tumbo likakaribia kugusa ardhi. Asubuhi likiwashwa, liliinuka tena. Lilianza kuinua nyuma, kisha mbele, kama ngamia. Ndiyo maana watu walilipatia jina. Waliliita Ngamia.

Kando ya kiti cha dereva palikuwa na wenzo mdogo. Ukiuvuta juu, gari lilipanda mpaka juu kabisa, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta kwa ncha za vidole vya miguu. Ukiushusha, gari lilipiga magoti.

Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina lake hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna aliyepinda suruali vizuri kama yeye. Duka lake lilikuwa mbele ya nyumba, na ua ulikuwa nyuma. Alikuwa mwembamba, mwenye upara unaong'aa, na mwenye maneno mengi. Alivipenda vitu vitatu: mke wake, cherehani yake, na Ngamia. Mkewe alisema hajui yeye ni wa ngapi kati ya hivyo vitatu.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Mama yake, ambaye wote walimwita Bibi, aliishi nao. Bibi aliumwa magoti. Hakuweza kuinua mguu kupanda gari lolote. Teksi zilimshinda. Lakini mbele ya Ngamia alisimama tu na mkongojo wake. Pindo alishusha wenzo. Gari lilishuka mpaka Bibi akaweza kuingiza mguu bila kuuinua. Wakifika, Pindo alilipandisha kidogo, na Bibi akatoka kama mtu anayeinuka kwenye kiti.

"Mume wangu alipokuwa hai hakunipigia magoti hata siku moja," Bibi alipenda kusema. "Kaniachia gari lipige badala yake."

*

Siku moja Ngamia alianza kunguruma vibaya. Bomba la moshi lilikuwa limelegea katikati. Lilipiga kelele kama debe, na moshi uliingia ndani ya gari. Bibi alikohoa njia nzima walipotoka sokoni.

"Mwanangu," Bibi alisema, "bomba hilo litengenezwe. Jumapili nataka kwenda kwa mdogo wangu. Macho yake yanafifia. Nataka anione kabla hajabaki kunisikia tu."

"Utakwenda, mama," Pindo alijibu. "Nitalitengeneza mwenyewe Jumamosi."

Mkewe aliinua macho kutoka kwenye sahani. Alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, na nguo zake zilinukia mkate siku zote.

"Kwa nini usilipeleke gereji?"

"Gari la baba halijawahi kulala gereji kwa sababu ya bomba."

"Basi angalau azima jeki."

Pindo akacheka. "Jeki ya nini? Ngamia ana jeki tumboni! Navuta wenzo, anapanda, naingia chini. Nimefanya hivyo miaka yote."

Ni kweli, alikuwa amefanya hivyo miaka yote. Zamani gari likipandishwa na kuzimwa, lilibaki juu hadi jioni. Siku hizi lilishuka mapema. Pindo aliliona jambo hilo. Aliona pia doa la mafuta lililolowesha udongo chini ya gurudumu la mbele. Lakini alisema moyoni, "Amezeeka. Mzee yeyote hupenda kukaa."

Jumamosi ikafika. Pindo aliwasha gari, akavuta wenzo mpaka mwisho. Ngamia akapanda juu. Pindo akazima injini, akasubiri bomba lipoe. Alipoona limepoa, akatandika mkeka. Akavua ndala zake, akazipanga pembeni ya gari, kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu. Akachukua sufuria kuukuu ya mkewe, ya kuwekea nati zisipotee. Kisha akajisukuma chini ya gari mpaka zikabaki nyayo tu.

Alikuwa amefungua nati moja aliposikia sauti dukani.

"Hodi! Fundi! Suruali yangu!"

"Subiri kidogo!" Pindo aliitikia kutoka chini.

"Bwana harusi hawezi kusubiri!"

"Mwambie bwana harusi akae kwenye benchi!"

"Fundi, bwana harusi ni mimi! Na zipu imekatika!"

Pindo alicheka mpaka akajigonga kichwa. Akaiacha spana pale pale, akajiburuta kutoka chini ya gari, akapita mlango wa nyuma kwenda dukani bila kuvaa ndala.

Ua ukawa kimya.

Gari likaanza kushuka. Halikuanguka, wala halikupiga kishindo. Lilitoa sauti ndogo tu, kama mtu mzima anayeketi baada ya kazi ndefu. Sssss. Sufuria ililia kidogo. Krrr. Basi, kukawa kimya tena.

Muda si mrefu mkewe aliingia langoni, na mkate wa moto mkononi. Aliliona gari limekaa chini. Aliziona ndala mbili zimepangwa pembeni. Aliona ncha ya mkeka imetokeza chini ya gari.

Mkate ukamponyoka.

"Jamani! Jamani njooni! Mume wangu yuko chini ya gari!"

*

Watu walikuja mbio. Wa kwanza alikuwa jirani wa upande wa pili, mwanamke aliyeitwa Mama Tingatinga. Alitengeneza matingatinga na matrekta katika kampuni ya barabara. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na kicheko chake kikubwa zaidi. Siku hiyo hakucheka. Alikuja na jeki mkono mmoja, kama mtu aliyebeba birika.

"Asiguse mtu mlango!" alipaza sauti. "Asiliwashe mtu!"

Akalala kifudifudi, shavu kwenye udongo, akachungulia.

"Naona mkeka," alisema. "Naona sufuria. Mtu simwoni."

"Lakini ndala zake hizi hapa!" mkewe alilia.

Hapo mlango wa nyuma wa duka ukafunguka. Pindo alitoka miguu mitupu, futi ya kupimia shingoni, pini mbili mdomoni. Nyuma yake alisimama kijana aliyejifunga shuka kiunoni, anasubiri suruali yake.

"Kuna nini?" Pindo aliuliza huku akitoa pini mdomoni. "Nani amekufa?"

Mkewe alimwendea polepole. Alimshika masikio yote mawili, akamtazama uso, kushoto na kulia, kama anayekagua embe. Kisha akaokota mkate, akampiga nao begani.

"Wewe! Wewe ndiye uliyekufa!"

Akaanza kulia upya.

Mama Tingatinga alichukua fimbo, akaivuta sufuria kutoka chini ya gari. Ilikuwa imebonyea mpaka imekuwa bapa, karibu kama sahani. Akaiweka mbele ya miguu ya Pindo.

"Jirani, kichwa chako kilikuwa wapi?"

Pindo aliitazama sufuria.

"Hapo," alisema. "Karibu na hiyo."

Yule kijana wa shuka akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe zipu yangu imefanya kazi nzuri."

Bibi alikuwa amefika na mkongojo wake. Alimshika mwanawe upara, akaupapasa kama alivyompapasa alipokuwa mtoto. Kisha akasema:

"Siendi kwa mdogo wangu."

"Mama, lakini bomba..."

"Sipandi gari lililotaka kumla mwanangu. Mdogo wangu ataniona siku nyingine, macho yake yakipenda kusubiri."

Maneno hayo yalimchoma Pindo kuliko kuiona ile sufuria bapa. Alilitazama gari la baba yake. Lilikuwa limekaa chini kwa upole, kama halijui lililotokea.

"Gari halina kosa, mama," alisema. "Mimi ndiye nisiyejua linavyobebwa." Akamgeukia jirani yake. "Nifundishe. Mama yangu atapanda gari hili, na atapanda kwa moyo mweupe."

Mama Tingatinga alipangusa udongo shavuni. Kisha kile kicheko chake kikubwa kikarudi.

"Mvalishe kwanza huyu kijana suruali yake," alisema. "Bibi harusi asije akamwona hivi."

*

Kijana alipoondoka, Mama Tingatinga aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Pindo na mkewe waliketi kwenye mkeka waliouvuta kutoka chini ya gari. Bibi alipewa kiti.

"Jirani, nikuulize. Kitu gani kinalibeba gari hili?"

"Mafuta."

"Na mafuta yanasukumwa na nini?"

"Pampu."

"Na pampu inazungushwa na nini?"

Pindo alijikuna upara. "Injini."

"Na injini ulikuwa umeifanyaje?"

"Nimeizima."

"Haya. Ukizima injini, yamebaki mafuta yaliyofungiwa kwenye mabomba. Yanaweza kulishikilia gari kwa muda. Lakini mpira wa kuziba ukichakaa, au valvu inayoyazuia ikilegea, mafuta yanapenya. Yakipenya, gari linashuka. Leo linashuka jioni. Kesho linashuka ukiwa chini yake. Halikupigii honi."

"Lakini zamani lilikaa juu kutwa nzima."

"Zamani na wewe ulikuwa na nywele."

Hata mkewe, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu, alicheka.

"Kazini kwetu," Mama Tingatinga aliendelea, "tingatinga lina jembe kubwa la chuma mbele. Linainuliwa na mafuta, kama gari lako. Hakuna mtu anayeingia chini ya jembe lililoinuliwa. Tunalishusha chini kwanza, au tunalikingia chuma. Hata mkubwa wa kazi hathubutu. Sasa wewe ni fundi nguo. Ukishona koti, unashikilia kitambaa kwa mkono tu?"

"Hapana. Nabana pini kwanza."

"Kwa nini?"

"Mkono unachoka. Kitambaa kinateleza."

"Basi mafuta ni mkono wako. Unahitaji pini."

Pindo alifikiri. "Nipange matofali chini yake?"

Mama Tingatinga aliokota tofali kando ya ukuta, akaligonga kwa nyundo. Likagawanyika vipande viwili.

"Tofali linafaa ukutani. Chini ya gari linapasuka ghafla, bila kuaga."

"Basi jeki yako hiyo?"

"Jeki hii nayo ni ya mafuta! Unataka kutoka chini ya mafuta uingie chini ya mafuta? Jeki ni ya kuinulia. Hakuna wa kulala chini ya jeki peke yake, liwe gari la aina yoyote."

Akaenda kwake. Akarudi na stendi za chuma, mbili kila mkono. Kila stendi ilikuwa kama kigoda chenye miguu minne, na shingo inayopanda na kushuka. Katikati ya shingo mlipita chuma kinene cha kuifunga isishuke.

Pindo alikigusa chuma hicho. Akatabasamu.

"Hii ndiyo pini," alisema.

*

Kazi haikuanzia pale gari lilipokuwa. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa uani ulikuwa laini. "Stendi itazama hapa," alisema Mama Tingatinga. Pindo aliliendesha gari mpaka mbele ya duka, penye sakafu ya saruji iliyo sawa. Bibi alihamishwa na kiti chake. Majirani nao walihama, kila mtu na maoni yake.

Pindo alivuta breki ya mkono. Mkewe aliweka kabari za mbao mbele na nyuma ya kila gurudumu, akazigonga kwa mguu mpaka zikakaza. Halafu Pindo alitoa kitabu cha gari kwenye kidroo chake. Ndani yake mlikuwa na picha ya gari, na alama nne kwenye kingo za chini.

"Hapo ndipo penye chuma kigumu cha mwili," Mama Tingatinga alisema. "Stendi inakaa hapo tu. Usiiweke kwenye bati la sakafu, itatoboa. Usiiweke kwenye mkono wa gurudumu, maana mkono huo wenyewe unapanda na kushuka. Ukiwekea stendi huko, gurudumu litabaki juu na mwili wa gari utakushukia vilevile."

Pindo aliwasha injini, akavuta wenzo juu. Ngamia akapanda. Watoto wakashangilia kwa mazoea.

"Injini iache iwake, pampu iendelee kulishikilia," alisema Mama Tingatinga. "Sasa sukuma stendi kutoka nje. Shika mguu wake wa nje. Kichwa na kifua vibaki huku kwetu, tunavihitaji."

Pindo aliingiza stendi moja moja kwenye alama zake. Akainua shingo zote kwa kimo kimoja, akapitisha pini zote. Alifanya taratibu, ulimi umetokeza kidogo, kama anavyofanya akitunga uzi kwenye sindano.

"Wote nyuma!"

Watu walirudi nyuma. Pindo alisimama nje ya mlango uliofunguliwa. Alinyoosha mkono, akashusha wenzo mpaka chini. Ngamia akashuka polepole. Sssss. Safari hii hakufika chini. Alikaa juu ya chuma. Magurudumu yakalegea, lakini mwili ukabaki juu. Pindo alizima injini.

"Umeona?" Mama Tingatinga alisema. "Tumelishusha makusudi, wakati hakuna mtu chini yake. Linalotaka kushuka limeshashuka. Halidanganyi tena mtu. Ufunguo uko wapi?"

"Uko kwenye gari."

"Utoe. Unakaa mfukoni mwa mtu anayeingia chini. Mtu akiliwasha wewe uko chini, mafuta yatasukuma magurudumu, gari litanyanyuka kwenye stendi, na wewe utakuwa sufuria ya pili."

Pindo alitia ufunguo mfukoni. Mama Tingatinga alizunguka gari, akazitazama stendi.

"Safi," alisema. "Zote zimekaa."

"Hazijakaa," Pindo alisema.

Watu wakageuka. Pindo alikuwa amechuchumaa mbali kidogo, jicho moja amelifumba, kama anavyotazama pindo la suruali.

"Ile ya nyuma, upande wa kulia. Imepinda."

Mama Tingatinga aliitazama. "Mimi naiona imesimama."

"Imepinda unywele mmoja. Kazi yangu ni kutafuta mishono iliyopinda, jirani."

Mama Tingatinga akasogea karibu, akainama. Mguu mmoja wa stendi ulikuwa juu ya ufa wa saruji. Ukingo wa ufa ulikuwa umeanza kumeguka. Alinyanyuka polepole, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kweli," alisema. "Ameona ambalo mimi sikuliona."

Mkewe alijifanya anafunga kilemba chake, lakini kila mtu aliona anavyotabasamu.

"Sasa tufanyeje?" jirani mmoja aliuliza. "Tutie kijiwe?"

"Kijiwe?" Pindo alisema. "Mshono ukipinda hautiwi kijiwe. Unafumuliwa."

"Fumua, mwanangu!" Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake.

Wakafumua. Waliwasha injini, wakapandisha gari, wakaisogeza stendi mbali na ufa mpaka penye saruji nzima, bado juu ya chuma kigumu cha alama. Wakarudi nyuma. Wenzo ukashuka. Ngamia akakaa. Pindo akazima injini, akatia ufunguo mfukoni, akafumba jicho moja tena. Akafumba na la pili kwa kuridhika.

"Hapo."

Mama Tingatinga aliweka viganja vyake kwenye ubavu wa gari, akalisukuma kwa nguvu. Akaenda upande wa pili, akalisukuma tena. Gari halikusogea. Mwishowe alichukua tairi la akiba, akalilaza chini ya ukingo wa gari, karibu na mahali Pindo atakapolala.

"Hili la nini tena?" Pindo aliuliza. "Si lina pini?"

"Wewe ukivaa mkanda, suruali haina kifungo?"

Pindo alisubiri bomba lipoe, akatandika mkeka, akavua ndala. Kabla hajaingia, Mama Tingatinga alimwonyesha kwa kidole mabomba membamba ya chuma yaliyopita chini ya gari.

"Haya usiyafungue kamwe hapa nyumbani. Mafuta yake hutoka kwa nguvu. Yanaweza kutoboa ngozi kama sindano ya cherehani yako. Wewe tengeneza bomba la moshi. Pale panapovuja mafuta, mwachie fundi anayeyajua magari haya. Na asiweke mafuta mengine ila ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu."

Pindo aliweka kiganja kwenye ubavu wa gari la baba yake.

"Maana yake litalala gereji," alisema.

"Litalala gereji."

Alimtazama mama yake. Alimtazama mkewe. Alitazama sufuria bapa iliyokuwa juu ya ngazi ya duka.

"Basi lilale," alisema. "Hata wakubwa hulala."

Akaingia chini. Mkewe aliketi kwenye ndoo, karibu kabisa, na hakuondoka. Kila mara alisema, "Upo?" Na sauti kutoka chini ilijibu, "Nipo, mke wangu." Watu walianza kucheka. Yeye hakujali. Aliuliza mpaka nati ya mwisho ikakazwa.

*

Safari ya Bibi ilisogezwa kwa wiki moja. Katikati ya wiki hiyo Ngamia alilala gereji. Fundi wa magari yale alibadilisha mpira uliochakaa, na doa la mafuta halikuonekana tena.

Jumapili ilipofika, mtaa ulisimama nje. Bibi alivaa nguo yake nzuri aliyoshonewa na mwanawe. Alisimama mbele ya Ngamia na mkongojo wake. Pindo alishusha wenzo. Gari likapiga magoti. Bibi akaingia, akakaa, akavuta hewa puani.

"Hakuna moshi," alisema. "Twende."

Mdogo wake Bibi alikuwa ameketi barazani akisubiri. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alisikia gari likisimama bila kelele.

"Ni nani?" aliuliza.

"Tazama mwenyewe," Bibi alijibu kutoka garini.

Pindo alilishusha gari, kisha akalipandisha kidogo. Yule bibi kizee alikaza macho. Aliona kitu kikubwa cheusi kikiinama mbele ya baraza yake, kikainuka, na ndani yake mkatoka mtu mwenye mkongojo.

"Uzi siuoni siku hizi," alisema. "Sura za wajukuu zinanipotea. Lakini hilo naliona. Hilo ni gari la shemeji yangu, na huyo ni dada yangu."

"Ndilo," Bibi alisema. Alisimama wima kuliko alivyosimama miaka mingi. "Na aliyelitengeneza ni mwanangu. Alilikalisha kwenye chuma, akalitengeneza, akatoka mzima."

Pindo aligeuka, akajifanya anafuta kioo.

Sasa sufuria ile inaning'inia kwenye ukuta wa duka, juu ya cherehani. Wateja wapya huuliza ni pambo la wapi. Pindo huwasimulia huku akiwapima kiuno. Wengine wakitoka hapo hupitia kwa Mama Tingatinga kuuliza stendi zinauzwa wapi. Pindo ana zake nne, na humwazima mtu yeyote wa mtaa, kwa sharti moja: Pindo mwenyewe aende kuzitazama zilivyokaa.

Watoto bado hutoka mbio Jumamosi. Bado hupiga kelele, "Linaamka!" Lakini Pindo akitandika mkeka na kuvua ndala, hunyamaza wote. Humsubiri Bibi aulize, naye huwa kwenye kiti chake mlangoni.

"Mwanangu!" Bibi huita. "Limekaa kwenye chuma?"

Na kutoka chini ya gari sauti hujibu, yenye nguvu na yenye fahari, mpaka nyumba ya mwisho ya mtaa husikia:

"Limekaa, mama!"